Kwa Wafula, Aliyelia kwa Kijapani

Baba Nafula,

Nimekaa kwa cherehani tangu asubuhi na sijashona kitu. Sketi sita za shule zimelala hapa kando zikingoja pindo, na mimi nimechukua daftari la mtoto la mwaka jana lililobaki na kurasa safi. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Ulipokuwa hai hatukuwa na haja ya barua. Ulitoka hapa Kambi Muru, Kibera, asubuhi, ukarudi jioni, na ukichelewa ulinipigia simu kuniambia nile nisikungoje. Sasa ni miezi minane tangu tukuzike kwenu Bungoma, na wiki mbili zilizopita nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Ningekuwa na wa kumwambia, angekuwa wewe. Barua hii nitaiacha wazi, asome atakayesoma. Wewe huwezi kuisoma, na watakaoisoma hawakukujua, basi hakuna wa kuona aibu.

Unakumbuka ulinijia na ovaroli? Mfuko wake ulikuwa umetobolewa na bisibisi mpaka mkono wangu mzima ukapita. Nilikuwa na mwaka mmoja tu Nairobi, nimetoka Kitui na cherehani ya shangazi yangu, nashonea pale kwa veranda ya Mama Brayo, jirani. Nikakuuliza unafanya kazi gani inayokula mfuko hivi. Ukaniambia wewe ni fundi wa redio za magari, gereji ya Kawangware 56. Gari likitoka Japani, ukasema, linakuja na redio isiyoshika stesheni zetu, na tena ukiliwasha kuna sauti ya mama anakusalimia kwa Kijapani. Kazi yako ni kuitoa redio hiyo na kuweka ya huku.

"Na huyo mama unamjibu?" nikakuuliza.

"Namwambia sawa mama, karibu Kenya."

Nilicheka mpaka nikakosea mshono. Nafikiri nilikupenda siku hiyo hiyo, kabla sijamaliza kushona mfuko. Sikujua kwamba wewe ulikuwa umeshapenda, ukamaliza.

Ulinieleza mwenyewe, sitakusingizia. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, mara yangu ya kwanza kuingia chumbani kwako. Nikaona rafu ya mbao, imejaa CD zenye maandishi kama vijiti vilivyomwagika. Ukasema watu wa Japani huuza gari wakasahau CD ndani ya redio, na wewe ukizikuta huzitupi. Ukachukua moja nyeupe isiyo na jina, ukaiweka. Gitaa likaanza polepole, peke yake. Kisha mwanamume mwenye sauti iliyokwaruzika, kama mtu aliyeongea siku nzima bila kupewa maji. Nikadhani ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Halafu ngoma zikaingia, na magitaa mengine kwa nguvu, na yule mtu akapanda juu, juu, mpaka nikaogopa sauti yake itakatika. Na mwishowe kila kitu kikamwacha, akabaki tena na lile gitaa moja.

Nilipokugeukia ulikuwa unalia. Hukujificha. Machozi yalikuwa yanashuka tu, na wewe umekaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Ndipo ukaniambia habari za Nafula. Mlikaa ploti moja Kawangware, mlango wake ukitazamana na wako. Watu wa ploti walikuwa wakiwatania, Wafula na Nafula, watoto wa mvua, kwa sababu kwenu majina hayo hupewa wanaozaliwa mvua ikinyesha. Ulimtengenezea redio, ukamtengenezea pasi, ukamchotea maji siku mfereji ulipokauka. Siku ulipomwambia lililokuwa moyoni alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wafula, wewe ni mtu mzuri sana." Mwezi uliofuata akaolewa na mwenye duka la mabati na misumari. Na ni katika siku hizo ulipofungua redio ya gari fulani jeupe, ukakuta CD hii. Uliicheza wiki nzima, mlango wazi, halafu ukafunga vitu vyako ukahamia Kibera usiwe unaupita mlango wake.

"Bado unampenda?" nikakuuliza.

Ukaangalia mikono yako. "Nitakuwa mwema kwako, Mwikali."

"Sijauliza hivyo."

"Najua."

Wanawake wengine wangechukua mkoba wao wakaenda. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilikuwa nimeshaanza kukujua namna unavyocheka. Nilikubali kama mtu anayechukua chumba kisicho na dirisha, akijiambia ataongea na mwenye nyumba baadaye.

Na ulikuwa mwema. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Miaka kumi na moja hukuwahi kuniinulia mkono wala sauti. Ulichota maji, ukaosha vyombo nje ya mlango huku wanaume wa ploti wakikucheka, ukawajibu kwamba mikono yako imezoea vitu vidogo. Nilipokuwa mjamzito na miguu imevimba ulininunulia stuli ya kuinulia miguu hapa kwa cherehani. Mtoto alipozaliwa ukaomba aitwe Nafula.

Nilikuangalia tu. Ukasema ni jina la nyanya yako. Na ni kweli, nyanya yako aliitwa Nafula, nililikuta jina hilo kwenye kaburi lake nilipokuja kwenu. Ningekataa vipi? Basi kuanzia siku hiyo nikawa Mama Nafula. Wateja, majirani, watu wa kanisa, wewe mwenyewe. Jina langu Mwikali lilibaki kwenye kitambulisho. Kila mtu aliyeniita aliniita kwa jina la mtu uliyemkosa, na niliitika.

Kila Jumapili mchana ulicheza nyimbo zako. Nilipika, mtoto akacheza mlangoni, wewe ukakaa kwenye kiti cha mbao na macho yako ukutani. Siku moja Mama Brayo alipita na karai lake la nguo.

"Bwana yako anaomboleza nani huko ndani?" akaniuliza.

"Anasikiza tu muziki."

"Huo si muziki wa kusikiza tu, mama. Huo mtu amefiwa."

Nilifunga mlango. Siku hiyo niligundua kwamba hata asiyejua habari yako alikuwa amesikia.

Sasa nikueleze nililokuficha. Nafula alipokuwa na miaka minne ulirudi ukaikuta CD nyeupe imekwaruzwa. Nilikuambia mtoto aliichezea. Si mtoto. Ni mimi. Asubuhi hiyo ulikuwa umeondoka bila kunywa chai kwa sababu uliamka na wimbo huo mdomoni, ukauimba kwa maneno usiyoyajua, ukasahau kuniaga. Nilichukua makasi ya kushonea nikaipiga mstari mmoja, kutoka katikati mpaka ukingoni. Niliona raha kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha nikaketi nikingoja jioni kama mtoto aliyevunja gilasi.

Hukumkemea Nafula. Uliishika CD, ukaigeuza kwenye mwanga, ukaifuta kwa shati lako. Ukaniangalia kidogo, si sana. Halafu ukaiweka kwenye redio, na ilipofika pale kwenye mstari ikaruka, ikaruka, ikaruka, nawe ukakaa unangoja mpaka ikapita. Ukaendelea kuicheza hivyo. Kila Jumapili tulifika pale pabaya, sisi watatu, na tukangoja. Nafikiri ulijua. Afadhali ungenigombeza. Hiyo ingekuwa na maana kwamba kuna kitu changu kinachoweza kukuuma.

Halafu kuna ile Jumamosi niliyokuletea chakula gereji. Alikuwapo mama mmoja mwenye miwani, mwalimu wa chuo, amekuja kuchukua gari lake. Ulikuwa umelala chini ya dashibodi, miguu nje, na ule wimbo ukicheza kwenye spika ulizokuwa ukizijaribu. Yule mama akasimama na funguo mkononi.

"Huu umeutoa wapi?" akauliza. "Nimesomea huko Japani miaka mitatu. Huu tulikuwa tunaulilia hosteli."

Ukatoka chini ya dashibodi haraka mpaka ukajigonga. "Unaelewa anachosema?"

Akasikiliza, kichwa kimeinama upande. "Yuko kituo cha treni, mvua inanyesha. Anamngojea mtu. Anamwambia, wewe huna kosa, hukuniahidi kitu. Ni mimi nilikuja mapema." Akacheka kidogo akivua miwani. "Kwa Kijapani ni tamu kuliko hivyo."

"Na huyo mtu anakuja?" nikauliza mimi, nikiwa bado nimeshika bakuli.

"Hapana. Hajui hata kama anangojewa."

Wewe ulisema tu, "Ndivyo nilivyodhani," ukarudi chini ya dashibodi. Yule mwalimu alikuonyesha jinsi ya kuupata kwenye simu, ukamshukuru ukiwa umelala hivyo hivyo. Nilisimama pale muda mrefu. Sikusikia bisibisi ikizunguka. Nilijua ukilala pale hakuna anayeuona uso wako, kwa hiyo niliweka bakuli juu ya tairi nikaondoka.

Jioni hiyo nilikuuliza swali ambalo mke hapaswi kuuliza baada ya miaka minane. Tulikuwa tunachambua mboga. Nikasema, "Baba Nafula, wewe unanipenda?"

Ukaendelea kuchambua. "Mama Nafula, si niko hapa?"

Ulikuwa pale, ni kweli. Nikachukua sukuma wiki iliyobaki nikaikata.

Ulianguka Jumatano, gereji. Mwenzako alinipigia nikaja mbio na sindano bado imechomekwa kifuani mwa blauzi. Daktari alisema ni presha, damu imevuja kichwani. Hukuwahi kulalamika kichwa, au ulilalamika nikadhani ni uchovu, sijui tena. Siku nne ulilala pale wodini ukiwa umefumba macho. Siku ya tatu nesi akaniambia niongee na wewe, kwamba wengine husikia. Niliongea. Nikakuambia Nafula amepata nafasi kwenye kwaya ya watoto, Mama Brayo anakusalimia, mvua imeingia. Habari zikaniishia. Nikachukua simu yako, nikatafuta ule wimbo, nikakuwekea sikioni.

Gitaa lilipoanza hukusogea. Ngoma zilipoingia nikaona chozi limetoka kwenye jicho la kushoto, likaingia sikioni. Na mkono wako ukafunga juu ya mkono wangu. Ulifunga kweli, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mtu asishuke gari.

"Baba Nafula," nikakuita. "Baba Nafula, ni mimi."

Ulibana zaidi. Na hapo nikaacha kukuita, kwa sababu nililisikia jina hilo, Nafula, kama wewe labda ulivyolisikia. Sijui ulidhani umeshika mkono wa nani. Ningeweza kusema, ni Mwikali. Sikusema. Nilihofia utaniachia.

Ulifariki siku iliyofuata, saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka kununua maji.

Sasa lile jambo la wiki mbili zilizopita. Yule Nafula wako wa ploti nilikuwa nimemfahamu kwa sura tangu zamani. Mwaka wa pili wa ndoa nilimtafuta, nikamwona, nikarudi. Ana saluni yake mwenyewe upande wa Riruta, ukipita tu Kawangware. Tangu tukuzike nilikuwa nawaza kwamba hakuna aliyemwambia. Nikajiambia ni haki yake kujua. Nikajiambia pia wewe ungetaka. Lakini nikiwa mkweli nilitaka kukaa karibu naye nione kitu gani alikuwa nacho.

Nilienda Jumanne, hakuna wateja wengi. Ni mnene kidogo sasa, ana sauti nzuri, na mwanya. Akaniuliza nataka nini nikasema matuta. Akanikalisha, akanifungua kitambaa.

"Sasa, mama nani?" akasema.

"Mama Nafula."

Akacheka. "Kumbe tuko na jina moja na mtoto wako. Basi lazima nikusuke vizuri."

Mikono yake ni myepesi, Baba Nafula. Haivuti nywele. Nilifumba macho, nikawaza kwamba hii ndiyo mikono, na niko chini yake mimi badala yako. Aliniambia habari za watoto wake watatu, na mume aliyehamia kwa mwanamke mwingine akamwachia madeni na maneno ya watu. Hakuwa mtu mbaya. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya.

Mstari wa tatu au wa nne nikasema, "Kuna fundi mmoja mlikaa naye ploti zamani. Wafula."

"Wafula yupi? Hao nimejua wengi."

"Fundi wa redio za magari. Alikaa mlango wa kuangaliana na wako."

Akafikiria. Nilisikia chanuo likigonga kiganja chake. "Ploti gani hiyo? Nilikaa ploti nyingi kabla niolewe."

"Alikutengenezea redio. Na pasi." Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda, nikaishusha. "Alikuwa anakuchotea maji."

"Aa," akasema. "Ngoja. Yule wa nyimbo za Wachina?"

"Za Kijapani."

"Huyo. Alicheza huo wimbo wiki nzima mpaka tukaenda kwa keateka, msimamizi wa ploti, tumsemee." Akacheka, bila ubaya, jinsi mtu anavyocheka mambo ya ujana. "Alikuwa mpole sana. Mimi nilidhani ni mtu wa kanisa tu. Yuko wapi siku hizi?"

Baba Nafula, nilitamani kusimama. Nilitamani kumshika mabega nimtikise mpaka uchomoke kichwani mwake, mahali alipokusahau. Miaka yote nilimwonea wivu mwanamke huyu. Nilikuwa nimemjengea chumba kikubwa ndani ya nyumba yetu ndogo, nikampisha kitandani, mezani, kwenye jina la mtoto wangu. Na yeye hakuwahi kuingia. Hakujua hata kuna nyumba. Ningepaswa kufurahi, na badala yake niliumia kwa ajili yako, niliumia kama mtu amekutukana mbele ya watu. Nilitaka akukumbuke. Nilitaka aseme kitu kimoja tu ulichomwambia siku ile, rangi ya shati lako, chochote, ningekuletea.

"Alifariki," nikasema. "Miezi minane sasa."

Mikono yake ikasimama. Kisha ikaendelea, polepole zaidi.

"Pole. Masikini." Akamaliza ule mstari. "Alikuwa na bibi?"

"Alikuwa na bibi. Na mtoto mmoja."

"Alimpata wa kumpenda?"

Nilikuwa natazama kioo, lakini yeye alikuwa ameinamia kichwa changu, hakuniona uso. Hakuwa ameuliza mimi ni nani wako, na sikuwa nimesema.

"Alimpata," nikasema.

"Afadhali," akasema Nafula. "Watu wapole hivyo huwa wanakaa tu peke yao."

Nimekaa na hayo matuta wiki mbili. Jana nimeyafumua, na leo kichwa ni chepesi na kinauma kidogo pale alipoanzia. Nafula wetu yuko shule. Amekuwa mrefu, ana paji lako la uso. Hataki kuongea juu yako, na simlazimishi. Jumapili tunatoka kanisani tunarudi, tunakula, tunalala mchana, kila mtu upande wake wa kitanda.

Sikukasirikii. Nilijaribu, haikukaa. Ulinieleza ukweli siku ya kwanza na mimi nikaingia kwa miguu yangu. Ila kuna kitu nimekaa nacho tangu siku ya saluni na ndicho kilichonifanya nichukue daftari. Ulikufa ukidhani kuna mahali Kawangware ambapo jina lako lipo. Halipo, mume wangu. Lipo hapa. Limekuwa hapa tangu siku ya ovaroli, katika chumba hiki cha Kambi Muru, na hukuwahi kuinua kichwa ukalitazama.

Lala salama huko Bungoma. Desemba nitakuja na mtoto kupalilia kaburi lako.

Mimi mkeo,
Mwikali